Mgomba Tuliouzika kwa Ajili ya Masomo

Mjukuu wangu alipokuwa na miaka saba, Madame wake wa masomo alikuja kwetu Butembo mchana, jua likiwa kali, akakaa kwenye kiti nilichompa, na chai akaikataa. Nikajua analeta neno. Mwalimu akija kwa mzazi bila kutuma mtu mbele, ao mtoto ameharibu kitu, ao mtoto amemzidi.

"Mama," akasema, "huyu mutoto, miye siko na kitu cha kumufundisha tena. Namupa calcul ya mwaka wa tatu, anamaliza mbele nifute ubao."

"Umupe ya mwaka wa ine."

"Nilimupa."

Madame huyo hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka upande wa Kisangani, alimfuata mume wake ambaye Serikali ilimleta kufanya kazi ya bureau, kisha vita ikawafungia huku pamoja nasi. Kinande hakujua hata kusalimia. Lakini alikuwa mwalimu kweli. Darasa lake lilikuwa chini ya hema la plastiki, kwa sababu askari walikuwa wanalala ndani ya masomo yenyewe, jengo la shule, na madawati walikuwa wamepikia. Mvua ikinyesha, hakuna kusoma. Bunduki zikilia, hakuna kusoma. Siku zilizobaki watoto walisoma, na siku hizo hazikuwa nyingi. Siku nyingine mjukuu wangu alimfuata mama yake kubeba matofali.

Madame akaniambia kwamba kule Beni, upande wa Ruwenzori, masera, ndiyo watawa wa kike, wana masomo yao ya kulipa, majengo ya matofali, watoto wanalala palepale na kula palepale. Mwaka huo walitaka kupokea watoto wachache bila kulipa kitu, ndiyo wanaita bourse. Kutakuwa na mtihani. Anayepita anaingia.

"Mais ni ya batoto yatima tu," akasema. "Bale baba yao alikufa mu vita. Huyu baba yake alikufaka, hapana?"

"Baba yake hakukufa. Alienda Kanyabayonga."

Akaniangalia. Akauliza alienda lini. Nikamwambia. Akachezea kamba ya mfuko wake kidogo, akasimama.

"Fikiri, Mama," akasema. "Mimi ni mugeni, siwezi sema zaidi."

Huyo aliyeenda Kanyabayonga ni mwanangu, wa mwisho kati ya wale waliobaki. Kazi yake ilikuwa kusukuma kinga, ndiyo baiskeli, yenye vidumu vya mawese, kutoka huku mpaka kule, na kurudi na sabuni na chumvi. Kanyabayonga wakati ule ilikuwa mpaka: huku wakubwa hawa, kule wakubwa wengine, na katikati watu waliotaka mafuta ya kupikia. Wasukuma kinga walipita kwa kuomba na kwa kulipa. Siku moja risasi zililia walipokuwa karibu na bariere, kizuizi cha askari, wakatawanyika kila mtu na pori lake. Wenzake walirudi mmoja mmoja. Aliyerudi wa mwisho alisema aliona kinga ya mwanangu imelala barabarani, mawese yanamwagika. Kinga aliiona. Mtu hakumuona.

Tangu hapo tulikuwa tumelima maharagi na kuvuna, tukalima tena. Nyumbani kwetu hakuna aliyesema amekufa, na hakuna aliyesema yuko mzima. Tulisema: alienda. Neno hilo lilitosha kwa kila mtu aliyeuliza.

Jioni ile nilikuwa nachambua maharagi pamoja na mkamwana wangu, mke wa huyo mwanangu. Ni mwanamke wa maneno machache, ndiyo maana tuliishi pamoja bila vita ya ndani. Nikamwambia neno la Madame. Aliendelea kutoa mawe ndani ya maharagi.

"Na Mama ulijibu nini?"

"Nilijibu alienda."

"Basi mutoto hataenda."

"Kwa hiyo bourse, hapana."

Tukachambua. Kisha akasema, bila kuinua uso: "Mama, mbwa ya jirani ikibweka, mimi naamukaka. Kila mara. Nasimama ku mulango mpaka inyamaze. Nimechoka na ile mbwa."

"Tutamwambia jirani aifunge."

"Haiko mbwa, Mama."

Nilielewa tangu mwanzo. Lakini kuna maneno ambayo ukiyajibu haraka, umeyakubali.

Jirani yetu mwenyewe, mama Mwislamu ambaye mume wake alikuwa na gari la kupeleka mizigo Kasindi, alisikia habari, akaja kunicheka. Alikuwa mtu wa kucheka hata siku ambazo gari lao lilikamatwa.

"Weye nawe! Sema tu alikufa. Masera atakuya huku kuchimbua kaburi? Bangapi banasema hivyo! Kuna mumoja ku Beni aliua bwana yake juu ya musaada ya mahindi, na bwana yuko pale anakula ile mahindi!"

"Huyo bwana alijua kama amekufa?"

"Alijua! Anajificha tu wakati wazungu bakipita!"

Tulicheka wote wawili. Lakini mimi sikuweza kufanya hivyo, na si kwa sababu ya utakatifu. Kwetu mtu hafi kwa mdomo. Mtu anakufa akizikwa. Na yule ambaye mwili wake haukuonekana, wanakata mgomba, wanaufunika kwa nguo yake, wanauzika mahali pake. Baada ya hapo amekufa kweli: mke wake ananyolewa, vitu vyake vinagawanywa, watoto wake wanaitwa yatima. Mbele ya hapo, ukitangaza kifo chake unamfungia njia. Kama alikuwa anarudi, miguu inapotea. Sisemi nilisadiki yote hayo. Nasema ndivyo watu wanavyojua, na mimi naishi na watu. Mama anayeenda Beni kuwaambia wageni kwamba mtoto wake amekufa, na nyumbani hata moto wa matanga haujawashwa, huyo ni mama gani?

Na mgomba hauzikwi na mwanamke. Lazima mzee wa ukoo. Mzee wa ukoo alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, mtu mwenye mwili mkubwa na hamu kubwa ya chakula. Nilimpikia bugali na samaki, kwa maana kumwita bila kupika ni kumwita nusu.

Alinisikiliza akila.

"Angekuwa kijana," akasema, "ningesema hata kesho tuzike. Mais mutoto mwanamuke! Atasoma, ataolewa, ile akili yote itaingia mu ukoo ya batu bengine."

"Wewe ulizaliwa na mwanaume?"

"Shemeji, ule ulimi yako siku moja utatuletea askari hapa."

"Waje, watakukuta unakula."

Akacheka, akaongeza mchuzi. Akasema jambo hilo ni zito. Akasema mgomba si mchezo, kwamba mtu akizikwa hivyo halafu arudi, hatapita mlangoni, lazima watoboe ukuta wa nyuma aingie kama mtoto anayezaliwa, na mbuzi ichinjwe. Akasema yeye mwenyewe hana haraka. Kisha, kidogo kidogo, akaanza kukubali. Alikubali bila mimi kuongeza neno lolote, na hapo nikaacha kumwangalia usoni nikaangalia mikono yake.

"Na ile miti yake ya eucalyptus, kule kilimani," akasema, "mutu akizikwa, vitu vyake vinagawanyika. Ni desturi."

"Kumbe ndiyo imekufanya ukubali mbele ya kumaliza bugali."

"Nasema tu desturi!"

"Ile miti aliipanda mbele ya huyu mtoto kuzaliwa. Itasimama mpaka huyu mtoto amalize masomo. Uape."

"Shemeji..."

"Uape, ao samaki hii ni ya mwisho."

Aliapa mdomo ukiwa umejaa. Niseme ukweli: kiapo hicho alikishika kwa muda mrefu kuliko nilivyomtegemea.

Lakini bado sikuwa nimekata neno. Shemeji alikuwa amekubali, mkamwana alikuwa amechoka, Madame alituma mtu kuuliza mara ya pili. Mimi ndiye nilikuwa sijasema. Wakati wa mtihani ulikuwa unakaribia.

Siku moja nikashuka bondeni wanakochoma matofali, kumpelekea mkamwana viazi. Wanawake kwetu hawabebi kichwani. Mzigo unakaa mgongoni, na kamba inapita juu ya paji la uso. Niliwaona wanapanda mlima kwa mstari, wameinama, mama yake na wengine, na nyuma yao mjukuu wangu na matofali yake machache na kamba yake ndogo. Walipotua mzigo, alikaa juu ya tofali, akachukua kipande cha karatasi kilichokuwa kimefungia chumvi, akawasomea wale wamama yaliyoandikwa, Kifaransa, akiwaambia kila neno maana yake. Neno asilolijua alisema: "Hili sijue," akaruka. Hakubuni. Hivyo ndivyo nilimlea: sema ulichokiona, na usichokijua sema hukijui.

Nikamwita aje ale. Alipoinua uso nikaona kwenye paji lake mstari. Kamba ilikuwa imeanza kuchimba. Mimi ninao mstari huo, unaingia kidole. Mama yangu alikuwa nao. Mkamwana wangu anao. Sisi hatuonei haya, ni alama ya kazi. Lakini kwa mtoto wa miaka saba nilikuwa sijauona bado.

Nikampa viazi. Nikamwambia mama yake: "Mwambie shemeji tutazika siku ya posho."

Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, watu walikuja. Shemeji akaingia ndani ya migomba yangu na panga, akachagua mgomba ambao ulikuwa umekwisha kuzaa, akauangusha. Kisha ikabidi kuukata urefu wa mtu. Akauweka chini, akapima na mikono yake, akainua panga.

"Hapo ni mufupi," nikasema.

"Mufupi wapi? Huyu tulikuwa tunalingana."

"Alikuwa amekupita. Sogeza."

Akasogeza. Nikamwambia asogeze tena. Mkamwana wangu alikuwa amesimama nyuma yetu na chungu cha maji. Akatua chungu, akaja, akauangalia ule mgomba kutoka chini mpaka juu, akaweka kidole.

"Hapa," akasema.

Ilikuwa chini kidogo ya pale niliposema mimi. Shemeji akaniangalia.

"Kata pale anaposema," nikamwambia.

Akakata. Tukaufunika kwa shati la mwanangu la ibada na blanketi.

Katekista tulikuwa tumemwita, lakini alisimama barabarani, hakuingia ndani ya uwanja. Alisema yeye hana maneno ya kuzikia ndizi. Shemeji akamwambia basi azikie shati, shati lilibatizwa. Watu wakacheka, katekista pia, akasema sala moja fupi palepale barabarani, kwa wafu wote wa vita, akaenda.

Mjukuu wangu alikuwa karibu nami wakati wanafukia. Akavuta kikwembe changu, kitenge nilichojifunga.

"Mukaka," akasema, ndivyo wanavyoita bibi kwetu, "hii ni nani?"

"Ni mgomba."

"Na Baba?"

"Baba yako hatujui aliko. Tunazika mgomba mahali pake."

Shemeji alisikia. Alinivuta pembeni kwa hasira. "Mutoto anaambiwaka hii ni baba yake! Ndio desturi!"

"Ameona mgomba ukikatwa. Nimwambie ni mtu?"

"Umeharibu kazi yote."

"Endelea kufukia."

Jioni wanawake walimnyoa mkamwana wangu. Siku ya tatu alirudi kwenye matofali. Kamba juu ya kichwa kilichonyolewa inachubua, akaweka majani ya mgomba chini yake, tena akaendelea.

Kwenda Beni tulipanda juu ya kamyo lililobeba viazi na makaa, mimi na mtoto. Njia haikuwa ndefu, lakini bariere zilikuwa nyingi, kila moja na askari wake na njaa yake. Kwenye mojawapo askari kijana, Lingala mdomoni, alituteremsha wote tusimame mstari. Alipofika kwetu akamwangalia mtoto, amevaa roba yake, gauni safi, nywele zimesukwa.

"Petite, unaenda wapi?"

"Kufanya examen."

"Na papa yako iko wapi?"

"Hatujue aliko," mtoto akasema. "Tulizika mugomba."

Yule askari akarudi nyuma hatua moja. "Nini?"

"Mugomba. Na shati yake."

Alianza kucheka, akaita wenzake waje wasikie. Walimrudisha mtoto kusema tena, na tena, naye alisema vilevile kila mara, bila kukasirika. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha walitupitisha mimi na yeye bila kudai kitu, wale wengine walilipa. Tulipopanda tena, mama mmoja aliyelipa alininong'oneza: "Huyu umufundishe kusema vingine kule unakoenda."

Sikumfundisha. Sikuona la kumfundisha. Alichosema ndicho alichoona.

Masomo ya masera yalikuwa kama Madame alivyosema: kuta za matofali, madirisha yenye vioo, uwanja umefagiwa. Watoto wa mtihani walikuwa wengi kuliko nafasi, wamekaa na mama zao chini ya ukuta. Waliwaingiza ndani asubuhi, wakatoka jua likiwa juu ya kichwa. Mjukuu wangu alitoka na wino kwenye kidole. Nikamuuliza imekuwaje.

"Rahisi," akasema. "Ile ya mwisho mwalimu mwenyewe alikosea kuiandika ku ubao. Nilimuambia."

"Na yeye?"

"Alifuta."

Baada ya hapo waliwaita mmoja mmoja na mzazi wake, kuingia kwa masera mkubwa. Alikuwa mwanamke mnene, mtu wa Kasai, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Karibu naye alikaa mwalimu mmoja, kijana wa kwetu, Mnande. Masera alikuwa anatabasamu tulipoingia. Alimwambia mtoto kwamba amefanya vizuri sana, kwamba hakuna aliyefanya kama yeye. Akamwambia akae karibu.

"Baba yako alikufa namna gani, mutoto wangu?"

"Hatujue kama alikufa," mtoto akasema. "Alienda Kanyabayonga. Tulizika mugomba mahali pake."

Masera aliacha kutabasamu. Akanigeukia.

"Mama, mulizika nini?"

"Mgomba."

"Na maiti?"

"Hatukuiona."

"Donc mulizika ndizi kusudi mutoto apate bourse."

Yule mwalimu kijana akaingilia haraka, nusu Kifaransa. "Ma sœur, hapana, ni coutume, desturi ya kwetu. Mwili ukikosekana, tunafanyaka hivyo. Kwetu mutu akisha kuzikwa hivyo, alikufa. Haiko bongo, haiko kudanganya."

"Coutume yenu minaiheshimu," masera akasema. "Mais angalia pale inje. Kuna mama mumoja amekaa pale, mutoto wake aliona baba yake akikatwa kwa panga. Kwa macho yake. Ile mutoto hakufanya vizuri kama huyu. Nikipa huyu nafasi, yule anarudi nyumbani. Nitamuambia nini ile mama? Kwamba hawa balizika mugomba?"

Hata mimi nilimwona masera ana haki. Nilikuwa nimempita yule mama nilipoingia. Alikuwa amenisogezea nafasi kwenye kivuli.

Masera alivua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Sikuulize mugomba, Mama. Mugomba niache. Nakuuliza weye, uliyemuzaa. Mutoto wako alikufa ao hakukufa?"

Swali hilo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Madame alikuwa amesema nifikiri. Mkamwana alisema mbwa. Shemeji aliuliza miti. Siku ya kuzika panga ilifanya kazi, jembe likafanya kazi, wanawake wakaimba, na mimi nikasimamia urefu wa mgomba tu. Desturi imewekwa namna hiyo makusudi, naona, ili mama asilazimike kufungua kinywa chake mwenyewe. Huyu mwanamke wa Kasai hakujua. Alikuwa ametoa desturi katikati yetu, kama mtu anayetoa meza, na sasa tulikuwa tunaangaliana.

Mtoto naye alikuwa ananiangalia. Alikuwa anangoja niseme sijui, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli na ndivyo nilimfundisha. Nilikuwa na neno hilo tayari. Nikiangalia upande wake niliona paji la uso, mstari ule, na jua la dirishani likiupiga.

"Alikufa," nikasema.

"Una hakika?"

"Nilimzaa mimi. Alikufa."

Nilisema kwa sauti ileile ninayotumia kila siku. Masera akaandika. Yule kijana wa kwetu aliangalia dirishani.

Walisoma majina jua lilipoanza kushuka. Jina lake lilisomwa. Yule mama mwingine jina la mtoto wake halikusomwa. Alisimama, akakunguta kikwembe chake, akamshika mtoto mkono, wakatoka getini. Alipopita aliniaga. Nikamwitikia.

Masera akaniambia nimrudishe mtoto wakati wa kufungua masomo, na godoro, sahani, kijiko, na blanketi moja.

Kurudi tulipata gari la mtu aliyetoka Kasindi na mifuko ya chumvi. Tulikaa juu ya mifuko. Tukapita bariere ya kwanza, ya pili. Askari hawakumuuliza mtoto kitu. Kisha akasema:

"Mukaka, balikuambia siku gani kama alikufa?"

"Leo."

Akafikiri. Hakuuliza ni nani aliyeniambia. Aliangalia barabara nyuma yetu, vumbi, akaegemea mfuko wa chumvi akalala, ao alifunga macho tu.

Mpaka leo hakuna mtu aliyeniletea habari nyingine, ya kusema hivi wala ya kusema vile. Kuhusu yale niliyosema Beni, watu wawili watatu wamenihukumu, na wengine wamenisifu, na wote nimewaacha na maneno yao. Masomo mtoto alisoma.

Lakini siku ile, tulipofika Butembo, mkamwana wangu alikuwa anatungojea pale magari yanaposimama, amekaa juu ya rundo la matofali ya mtu, kitambaa kichwani. Aliponiona akasimama.

"Bamemukamata?" akauliza, yaani wamempokea.

"Bamemukamata."

Akafunga macho kidogo, akafungua. Mtoto aliteremka peke yake kutoka juu ya mifuko, akamwendea mama yake, akasimama mbele yake wima kama anavyosimama mbele ya Madame.

"Mama," akasema, "Baba alikufa. Mukaka amesema."

Mkamwana wangu aliniangalia. Alitaka nimwambie kitu, ao alitaka nimkatalie mtoto, sijui. Mimi nilikuwa nashusha furushi letu kwa dereva. Nikalishusha, nikaliweka chini, nikageuka.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nilisema."

Basi akakaa tena juu ya yale matofali, akajifunika uso na kitambaa cha kichwa, kichwa chake chenye nywele fupi zinazoanza kuota kikabaki wazi mbele ya watu, akalia. Dereva aliuliza kama kuna msiba. Nikamwambia upo. Mtoto alikaa karibu na mama yake, mikono juu ya magoti, akangoja amalize. Nikabeba furushi, nikatangulia kwenda kuwasha moto, kwa sababu mtoto hakuwa amekula tangu Beni.